Ditekta iliyolia kila mwisho wa mpigo: kisa cha koili iliyolegea, Kakamega

Kisa hiki kilitokea katika kaunti ya Kakamega, kwa kikundi cha wachimbaji wadogo wa dhahabu. Majina, kijiji, chapa ya mashine na uzito wa walichopata vimeondolewa kwa makubaliano nao. Niliitwa kuikagua ditekta yao, mashine ya kutafutia metali ardhini, baada ya wao kuhangaika nayo karibu msimu mzima wa mvua. Yaliyotangulia nimeyapata kwa wanakikundi wenyewe na kwenye daftari la mweka hazina wao, daftari ambalo lilisaidia kuliko kifaa chochote nilichobeba mkobani.

Usuli

Dhahabu ya Kakamega si habari mpya. Mbio za kuitafuta zilianza 1931, mgodi wa Rosterman ukafanya kazi hadi 1952, na kampuni zilipoondoka wenyeji waliendelea kwa sururu, karai na zebaki. Nyingi ya dhahabu hiyo ni unga uliofungwa ndani ya mawe meupe, na unga huo hakuna ditekta itakayousikia. Mashine hufaa pale ambapo mwamba umeoza na kuachilia vipande vya kushikika: kwenye miteremko, kingo za vijito, na marundo ya mawe yaliyotupwa na wachimbaji wa zamani. Kikundi kilikuwa na kibali cha uchimbaji mdogo kama Sheria ya Madini ya 2016 inavyotaka, na eneo lao lilikuwa mteremko wa namna hiyo.

Walichanga pesa wakanunua ditekta ya dhahabu iliyokwisha tumika. Mashine nyingi za aina hiyo hufanya kazi kwa masafa ya juu, yaani mitetemo mingi kwa sekunde, kilohezi 40 na zaidi, ilhali zile za kutafutia sarafu nyingi huwa kati ya 5 na 15 hivi. Masafa ya juu huzisaidia kusikia punje ndogo. Gharama yake ni kwamba husikia pia kila kitu kidogo cha metali kilicho karibu na koili, ile sehemu ya chini inayopitishwa juu ya ardhi, hata ambacho mwenye mashine hakihesabu kuwa metali.

Ardhi yenyewe haikuwa rafiki. Udongo ni mwekundu, umejaa chuma. Kuna vijiwe vya murram vinavyolia kama dhahabu, na mchanga mweusi unaonata kwenye sumaku. Juu ya hayo, misumari na vipande vya mikebe vya tangu enzi ya wakoloni vimetapakaa kote. Kwa hiyo kelele zilipoanza, hakuna aliyeshangaa. Kila mtu alikuwa na cha kulaumu.

Mfululizo wa matukio

Miezi ya kwanza mashine ilifanya kazi vizuri. Aliyeiendesha ni kijana mmoja mtulivu, mwenye subira ya kutembea polepole na kupigisha koili kushoto na kulia (kila mpitisho ni mpigo mmoja), chini chini, sambamba na ardhi. Kisha wakaanza kupokezana. Jioni mashine ilibebwa kwa boda, na ili iingie kwenye gunia kila aliyeichukua alifungua koili kutoka kwenye fimbo ya chini, asubuhi akaifunga tena.

Siku moja bolti ya plastiki inayoshika koili ilipotea njiani pamoja na washa moja ya mpira. Duka la vifaa sokoni halikuwa na bolti ya plastiki. Walinunua ya chuma isiyoshika kutu, wakaikaza kwa spana. Mwanakikundi mwingine alikata washa mpya kutoka kwenye kipande cha tairi la lori.

Kuanzia hapo mashine ilianza kulia ovyo. Waliifungua, wakaikaza zaidi. Ikatulia kwa saa chache, ikaanza tena. Wakaikaza tena. Kijana aliyekuwa akiiendesha alipendekeza wapunguze unyeti, yaani kile kitufe kinachoamua mashine isikie kwa makali kiasi gani. Walipopunguza hadi karibu na mwisho, kelele zikaisha, na kila mtu akapumua.

Hawakupata chochote kwa majuma. Wengine walisema udongo umechoka. Mzee mmoja alisema mahali pale pana wenyewe na hawajaombwa, na sikuona sababu ya kubishana naye, maana hakuwa amegusa spana. Mwishowe mashine ilipelekwa kwa fundi wa redio na simu mjini Kisumu. Alifungua kichwa cha mashine, yaani kisanduku cha juu chenye vitufe, akapuliza vumbi, akagusa solda hapa na pale, akawaambia ni mzima. Hakutazama koili hata kidogo. Walikuwa wameiacha nyumbani wakidhani ugonjwa uko kichwani.

Maamuzi na sababu zake

Ni rahisi kuwacheka, lakini kila uamuzi ulikuwa na mantiki yake. Bolti ya chuma ina nguvu kuliko ya plastiki, na mtu aliyezoea baiskeli na pikipiki huona plastiki kama kitu cha kuokoa gharama kiwandani. Mpira wa tairi la lori haulegei upesi. Kukaza zaidi kitu kinachocheza ndilo jambo la kwanza ambalo mikono yoyote ingefanya. Na mwenyekiti alinieleza hoja ya bolti bila kuuma maneno:

"Fundi, tulipima kwa sumaku kabla ya kuinunua. Haikushika. Tukasema basi hii si chuma ambacho mashine itakisikia."

Hapo ndipo hasa penye funzo. Ditekta haitafuti kinachoshika sumaku. Koili hutuma uga wa sumaku unaobadilikabadilika, na kitu chochote kinachopitisha umeme hujibu kwa mikondo midogo ndani yake: dhahabu, risasi, shaba, karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara, na chuma kisichoshika kutu vilevile. Kama sumaku ingekuwa ndiyo kipimo, mashine isingesikia dhahabu.

Uamuzi wa kupunguza unyeti ndio ulionisikitisha zaidi, kwa sababu ulionekana kufanikiwa. Mwangwi wa punje ndogo hufifia haraka mno kadiri inavyokuwa mbali na koili. Ukishusha unyeti, wa kwanza kupotea ni ule ule uliokufanya ununue mashine ya dhahabu.

Ukaguzi

Nilianza na daftari. Mama mweka hazina alikuwa ameandika kila shimo lililochimbwa baada ya mashine kulia, na kilichotoka. Kabla ya bolti kubadilishwa, karibu kila mstari ulikuwa na kitu: msumari, risasi ya bunduki ya zamani, mara chache punje. Baada ya hapo kurasa zilijaa neno "bure". Udongo wa mteremko ule haukubadilika kati ya Jumatatu na Jumanne. Kilichobadilika kilikuwa kwenye mashine, na tarehe yake ilijulikana.

Nikamwomba kijana aivae atembee kama kawaida, unyeti ukiwa katikati. Mashine ililia mwisho wa mpigo wa kushoto, ikanyamaza katikati, ikalia mwisho wa kulia. Akasogea hatua mbili: kushoto, kimya, kulia. Chuma kilichozikwa hakifanyi hivyo. Kinakaa mahali pake, na ukirudi juu yake kutoka upande mwingine kitalia palepale. Sauti inayofuata mkono wako badala ya kufuata ardhi inatoka kwenye mashine.

Sasa swali lilikuwa ni wapi. Tulisogea mbali na mabati na nyaya za stima, kila mtu akaweka simu, panga na jembe kando, na kijana akavua gambuti zake zenye kofia ya chuma kidoleni, ambazo zenyewe zinatosha kumpa mtu kichaa. Koili ikiwa imeinuliwa hewani, bila kusogea, mashine ilikuwa kimya kabisa. Basi si nyaya za stima. Nikaitikisa koili kwa kidole huku fimbo imeshikiliwa: ikalia. Nikafunga koili na fimbo pamoja kwa kamba ya manila, kwa nguvu kiasi kwamba haiwezi kucheza, nikaitikisa tena: karibu kimya yote. Kilichobaki kilitoka kwenye waya unaotoka kwenye koili kwenda kichwani, ambao ulikuwa unaning'inia na kupigapiga fimbo.

Wakauliza, na ni swali zuri: kama bolti ni tatizo, mbona mashine hailii wakati wote, maana bolti ipo hapo wakati wote? Ndani ya koili mna nyuzi za aina mbili, za kutuma na za kupokea, zimepangwa ili za kupokea zisisikie karibu chochote kutoka kwa za kutuma. Mashine ya aina hii husikiliza mabadiliko. Metali iliyotulia tuli karibu na koili huizoea na kuipuuza, ingawa inapokonya sehemu ya usikivu wake na kuvuruga usawazishaji wake na udongo. Metali hiyo ikicheza hata unene wa ukucha, hayo ni mabadiliko, na mashine inalia. Mwisho wa kila mpigo ndipo koili nzito inaposimama ghafla na kugeuka, kwa hiyo ndipo bolti inapocheza ndani ya tundu lake. Ndiyo maana kila walipokaza kwa spana ilitulia kidogo.

Tulipoifungua, tulikuta zaidi ya tulichotarajia. Washa ya tairi niliisogeza kwenye sumaku ya spika kuukuu, ikarukia. Matairi mengi ya lori yana nyuzi za chuma ndani. Washa nyingine, ya asili, ilikuwa imekauka na kung'aa. Sikio moja la koili, pale bolti inapopita, lilikuwa na ufa kutoka kwenye tundu kwenda nje, kazi ya spana. Nilifuata ufa kwa kioo cha kukuza na kwa bahati haukufika kwenye mwili wa koili. Ungefika, maji yangeingia kwenye nyuzi na hapo hakuna hadithi nyingine ila kununua koili mpya. Chini ya kifuniko cha plastiki kinacholinda tumbo la koili kulikuwa na matope makavu na mchanga mweusi, wa kujaza kiganja. Mchanga ule una chuma, nao ukihama ndani ya kifuniko kila mpigo, mashine inausikia. Hakuna aliyewahi kuvua kifuniko hicho. Walidhani ni sehemu ya koili.

Plagi ya waya huo nayo ilikuwa na mikwaruzo ya koleo. Pini, ashukuriwe Mungu, zilikuwa zimenyooka.

Urekebishaji

Bolti ya plastiki haikuwepo, na watu walitaka kufanya kazi kesho yake. Kijana alichonga kijiti cha mpera kavu, kinene kiasi cha kujaa tundu bila kulazimishwa, tukakifunga ncha zote mbili kwa uzi wa nailoni. Mti mkavu hausikiki na ditekta. Kijiti hicho kilitumika mpaka mmoja wao alipokwenda Kisumu akarudi na bolti za plastiki za kufungia kiti cha choo, zinazouzwa na nati zake za plastiki kwenye maduka ya vifaa vya mabomba. Zilikuwa nene kidogo. Tulizipunguza kwa msasa, polepole, kwenye sehemu inayopita tundu tu. Walicheka sana, lakini inashika vizuri hadi leo.

Washa zilikatwa kwenye tyubu ya baiskeli, tabaka mbili kila upande. Tyubu haina chuma. Mpira huu ndio unaoshika koili isijigeuze, si nguvu ya bolti. Kazi ya bolti ni kuubana mpira kiasi, na vidole vinatosha. Ukikuta unahitaji spana, jua mpira umekwisha.

Kwa ule ufa, mwanakikundi mmoja alileta gundi ya kijivu ya kuunganishia vyuma, ile ya kuchanganya tyubu mbili. Nilimzuia. Nyingi za gundi hizo za kijivu zina unga wa chuma ndani, nayo ingekuwa bolti ya pili isiyofunguka. Tulitumia ya aina hiyo hiyo iliyo angavu, isiyo na unga wowote, tukaiacha usiku kucha kivulini.

Waya ulichukua muda mrefu kuliko vyote, kwa kuwa kila mtu alitaka kujaribu. Mzunguko wa kwanza hupita juu ya fimbo, na kati ya koili na mzunguko huo huachwa ulegevu mdogo tu: laza koili mbele kabisa, kisha nyuma kabisa, waya ukivutika, ongeza, ukining'inia kama kitanzi, punguza. Juu ya hapo zungusha kwa kubana hadi kwenye kichwa, funga kwa mikanda ya kunatana. Waya unaobaki usikunjwe ukaachwa karibu na koili. Plagi huingizwa mashine ikiwa imezimwa, alama na mfereji vikutane kwanza, isukumwe ikiwa imenyooka, kisha pete yake ikazwe kwa vidole. Anayepindapinda plagi ili iingie ndiye anayevunja pini.

Mwisho tukasawazisha mashine na udongo upya, koili ikiinuliwa na kushushwa juu ya mahali pasipo na metali mpaka sauti ya kupanda na ya kushuka zilingane. Awali hawakuweza kuipata hali hiyo kabisa, wakadhani ni ukali wa udongo.

Matokeo

Tulipima kwa risasi ndogo ya uzi wa ndoano, ya wavuvi wa ziwani, iliyobandikwa kwenye kadi ya plastiki. Risasi huiwakilisha dhahabu vya kutosha kwa jaribio la namna hii. Unyeti ukiwa pale walipokuwa wameuacha, mashine iliisikia ikigusa koili tu. Baada ya matengenezo unyeti ulipanda hadi juu ya nusu bila kelele za mpigo, na risasi ile ile ikasikika umbali wa vidole vinne.

Walirudia sehemu ya mteremko waliyokuwa wameipita wakati mashine imezibwa masikio. Walipata misumari kwa wingi, maganda ya risasi, na vipande vichache vya dhahabu, kimoja kikiwa bado kimeng'ang'ania jiwe jeupe. Hawakutajirika, na sehemu kubwa ya mapato yao bado inatoka kwenye kusaga mawe. Vijiwe vya murram bado vinalia. Hakuna bolti itakayoviponya.

Uchambuzi

Kilichofaa zaidi ni daftari. Bila tarehe ya kubadilisha bolti na orodha ya mashimo matupu, tungeendelea kubishana kuhusu udongo. Kilichofuata kwa manufaa ni kubadilisha kitu kimoja kwa wakati: kwanza koili hewani, halafu kuitikisa, halafu kamba, halafu waya. Wao walikuwa wamebadilisha bolti na washa siku moja, kisha unyeti, wakawa hawajui kipi kimefanya nini.

Kilichoharibu ni kuanza na kichwa cha mashine. Ukifikiria, kichwa hukaa karibu na kiwiko, kikavu, bila kugonga chochote. Koili ndiyo inayoburuzwa kwenye mawe, inayoingizwa majini, inayofungwa na kufunguliwa. Mashine ikianza kulia ovyo, pa kuanzia ni chini. Tena kufunguliwa kwa kichwa kuliacha mpira wa kuzuia unyevu haujakaa sawasawa, hatari mpya ambayo haikuwepo.

Mzizi wa yote, kwa maoni yangu, ni kuifungua koili kila jioni. Tumewaonyesha kwamba fimbo ya chini huchomoka nzima ikiwa na koili yake. Waya unalegezwa sehemu ya juu tu, na bolti haiguswi. Sasa watu wawili pekee ndio wanaoruhusiwa kuifunga na kuifungua, jambo lililozua maneno kikundini. "Mzee, sisi wengine tulichanga pesa sawa na hao," kijana mmoja alilalamika. Mwenyekiti alimjibu kwamba pesa zake zimo ndani ya lile sikio lenye ufa.

Utunzaji waliokubaliana si mzito. Koili inasuuzwa kwa maji safi na sabuni kidogo, ikianikwa kivulini. Petroli na tina ya rangi haviruhusiwi kugusa plastiki, ingawa vinatoa matope upesi. Kifuniko cha tumbo huvuliwa kila wanapotoka kwenye tope au mchanga, na hukaushwa pande zote mbili kabla ya kurudishwa. Betri hutolewa mashine ikipumzika. Koili haina tatizo na maji, lakini kichwa cha mashine yao hakiruhusiwi kuloa, na hili wameandika kwa kalamu nyekundu kwenye jalada la daftari.

Sikio lililogundishwa halitadumu milele. Wameanza kuchangia koili nyingine, na tayari mtu amewaonyesha moja ya bei nafuu yenye plagi ya pini tano kama yao. Nimewaambia wasilipe hadi waione ikifanya kazi kwenye kichwa chao. Plagi kuingia haimaanishi kwamba koili imepangwa kwa masafa ya mashine ile, na isiyolingana inaweza kukaa kimya juu ya dhahabu au kulia mfululizo. Muuzaji amekubali ijaribiwe mbele yake, kwa risasi ile ile iliyo kwenye kadi.